Kabati Lako Halikuchomwa, Yaya

Yaya Riziki, dada yangu, wewe uliyetangulia kunyonya ukaniachia nafasi,

Tangu ulipotuacha, afya ya watu wote kuanzia Nundu mpaka hapa Baraka, na kupanda hadi Fizi kule juu, iko kwenye mabega yangu mimi peke yangu. Sijisifu, nakupa habari tu. Moto, zile pikipiki za abiria, zinapotoka Misisi na vumbi lake jekundu, dereva hata injini hajazima anauliza, "Mjomba iko?" Juzi gari la wakubwa, lile la vioo vyeusi, lilipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu. Watu wakasema lilikuwa linakwepa shimo. Wivu huo. Mimi niliona kioo kikishuka kidogo, mkubwa mmoja akatazama chupa zako, akatikisa kichwa kwa heshima.

Barua hii siiandiki kwa siri. Nikiimaliza nitaipigilia kwenye mlango wa chumba chako cha dawa, ule unaotazama njia ya soko, ili waliosema wasome yale waliyosema. Nimeandika Kiswahili cha kitabu, kile mwalimu alichonipiga nacho mpaka darasa la tano. Aliyesoma kunizidi aje na biki nyekundu anisahihishe, mlango ni mpana.

Habari yenyewe ni hii: walitaka kuchoma kabati lako la dawa. Halikuchomwa. Sasa tulia, nikueleze kuanzia mwanzo, maana nikianzia mwisho utasema ninatia chumvi.

Unakumbuka ulivyonianzisha? Nilikuwa nimeachishwa shule, nazurura ufukweni nikiwaeleza wavuvi namna ya kuvua, mimi ambaye sikuwa na hata ndoano. Ukaniita: "We mwenye mudomo murefu, njoo nikupatie kazi ya mikono." Ukaweka mbele yangu kisu na rundo la mubirizi, yale majani machungu yanayoota kwenye kila uzio wa mtaa. Nikayatupa yote kwenye sufuria, majani na mizizi pamoja, nikachochea moto. Ukanipiga mwiko begani.

"Jani unalibembeleza," ukasema. "Muzizi njo unaulazimisha."

Huo ndio univasite wangu. Jani laini, ua, mchaichai, hivyo unavimwagia maji ya moto, unafunika upesi, unaacha. Usipofunika, harufu inapanda, na harufu ikipanda dawa inakwenda kutibu mabati ya nyumba. Gome na mzizi unavipiga moto polepole mpaka maji yapungue nusu. Lakini dawa ya maji haikai. Siku mbili, tatu, imeoza. Na mtu wa Lubondja hawezi kushuka kila baada ya siku mbili kwa ajili ya kikombe kimoja. Ndiyo sababu ukaleta pombe.

Hapo ndipo wengi walipoanza kunong'ona. Mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani ananunua lutuku! Hukununua kwa kila mtu. Ulikwenda kwa mama mmoja tu, ukakaa kwenye kigoda chake mpaka aipike mpya mbele ya macho yako. Ile inayotangulia kutoka kwenye mpira ulimwambia aimwage, maana hiyo inaua macho. Iliyofuata ukaimimina kwenye kijiko ukaiwashia kibiriti. Ikishika moto wa buluu, unachukua. Ikikataa, unasimama na kusema: "Mama, hii ni maji ya kuoshea sahani," na unakwenda zako. Mimi nilikufuata nyuma na bidon, lile dumu letu, najifanya simjui mtu.

Majani uliyakausha kivulini, kamwe si juani. Ukayakatakata, ukajaza chupa ya mdomo mpana, ukamimina lutuku mpaka ivuke majani kwa vidole viwili. Jani linalochungulia nje linaota ukungu, ulisema, kama mutoto anayekataa kulala. Halafu chupa inavalishwa soksi nyeusi, soksi zangu, ili mwanga usiingie. Wiki mbili. Kila asubuhi inatikiswa, na mimi ndiye niliyekuwa mtikisaji mkuu. Kila nikitikisa, napiga alama ya mkaa ukutani, ili tusibishane juu ya siku. Zile alama zipo mpaka leo, nimemkataza mtu kupaka chokaa pale.

Na nilitikisa kweli, Yaya, wewe ni shahidi. Siku ile ya tangawizi, kizibo kiliruka, kikavuka uzio, kikampiga jogoo wa jirani, akawika saa nane mchana. Majogoo yote ya Baraka yakamjibu. Kuna watu waliotandika vitanda upya wakidhani kumekucha mara ya pili. Wewe ulisema aliwika mara moja tu. Tuyaache hayo.

Ulikuwa na mambo uliyoyakataa, na uliyakataa hata walipokuja wakilia. Mutoto mwenye homa ya kuchemka, humpi chupa, unampandisha kwenye moto aende kituo cha afya. Mwanamke mwenye mimba, humpi. Anayetapika damu, humgusi. Watoto wa kikohozi uliwapa asali na tangawizi, bila tone la lutuku. Kumbe watu walifikiri unakataa kwa sababu ya kiburi.

Na Mama Esteri, yule rafiki yako wa milimani. Aliteremka na muravumba, majani ya kikohozi ambayo huku kwetu hayakubali vizuri, ameyafunga kwenye jani la mgomba pamoja na kibuyu cha maziwa. Wewe unampa chupa ya mubirizi. Mlikuwa mnasemezana kila mmoja na lugha yake na mnacheka pamoja, sijui mlikuwa mnacheka nini. Watu walikuuliza, tena kwa ukali, kwa nini unapokea majani ya watu wale. Ukawajibu: "Kikohozi haiulizake muntu kabila yake." Ukaendelea kuchambua.

Lakini kazi yako kubwa, Yaya, ilikuwa ni kijiko.

Hapa kwetu mtu hanywi cha mwenzake kabla mwenye kukitoa hajaonja. Ni woga wa karuho, ile sumu inayosemekana kufichwa chini ya ukucha na kudondoshwa kwenye kikombe. Hata soda unaifungua mbele ya mgeni. Basi wewe ulimkalisha mgonjwa, ukatia maji nusu glasi, ukadondosha dawa na kuhesabu matone kwa sauti, moja, mbili, naye anahesabu na wewe, mpaka ishirini. Ukachota kijiko, ukameza. Ukakaa unamtazama.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Basi kunywa."

Nilikuona ukifanya hivyo kwa askari, kwa mchungaji, kwa yule mwanamke aliyekutukana soko zima na kesho yake akaja na maumivu ya tumbo. Hata kwangu utotoni ulifanya hivyo, ulipotutibu minyoo kwa mubirizi. Watoto wengine walishikwa miguu na mikono na kufungwa pua. Mimi nilipokea kikombe changu, nikatoka nacho nyuma ya jikoni kama mwanaume, nikarudi nacho kitupu. Ulinisifu mbele ya mama. Na ule mgomba uliokuwa nyuma ya jikoni, unaukumbuka? Mtaa mzima hakukuwa na mgomba mnene vile.

Siku zako za mwisho, pumzi ilipokuwa fupi, watu walijaa uani wakingoja kuona utakunywa chupa gani. Ulimwita Sifa, binti yako, na sare yake ya uforomo, ya uuguzi, ukamwambia atafute moto mukwende hospitali. "Dawa ya moyo, miye sina," ulisema. Wengine walivunjika moyo kabisa. Mimi nilikushika upande wa kushoto, ndipo ukanitia ufunguo wa kabati mkononi. Hukuniambia kwaheri. Uliniambia: "Onja mbele yao. Hesabu pamoja nabo."

Nikasema nimesikia.

Na niliendelea, Yaya. Chupa zilijaa, soksi zikaisha, nikaanza kuomba za jirani. Nilionja mbele ya kila mgonjwa, kwa namna yangu ya heshima, na kitambaa changu cheupe mkononi kama mtu wa biro, wa ofisini. Watu walipenda kitambaa kile. Jina likakua. Na jina likikua, mdomo nao unataka nafasi.

Basi akaja Asukulu. Ni mwana wa Lubondja, mtu mzima na ndevu zake, anachimba dhahabu Misisi. Aliteremka kwenye moto akiwa amejikunja kama ndoano.

"Mjomba, tumbo inanisokota toka jana. Niko nafika kwetu. Unipatie haraka, dereva anakasirika."

"Kaa kwanza," nikamwambia, "ujue unatibiwa na nani."

Nikamweleza habari ya lori lililozimika kwenye daraja la Mutambala, lina tani saba za muhogo, mafundi watatu wameshindwa, nami nikadondosha matone matano ya tangawizi kwenye injini, likaondoka na kupanda mlima bila dereva. Habari tamu, unaijua. Asukulu alicheka ameshika tumbo. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Asukulu akachukua chupa ya mubirizi iliyokuwa mezani, akapanda, wakaenda. Mimi nilikuwa bado kwenye mlima na lori. Niligeuka nikaona glasi iko kavu na kijiko kiko mkononi mwangu.

Nilisema moyoni: ni mtu mzima, atajua.

Kesho yake asubuhi muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alisema Asukulu amelazwa. Saa sita alikuwa amekufa. Saa tisa alikuwa amezikwa. Kufika jioni walikuwa wamekufa wawili, na huyo wa pili hakuna aliyejua hata jina lake. Bamama niliowatibia watoto kikohozi walivuka njia waliponiona. Mmoja alirudisha chupa ya asali, ameishika kwa ncha za vidole, akaiweka chini mbele ya mlango kama mtu anayeweka nyoka. Hakuna aliyesema jina langu, Yaya. Walisema, "Dawa ya Riziki." Mimi niliye hai nilisahauliwa, wewe uliyelala ndiye uliyeshtakiwa.

Hapo damu ikanipanda.

Siku iliyofuata Mzee Mmunga wa kanisa letu akaja na kundi, na chupa ya lita moja ya mafuta ya pikipiki. Mzee Mmunga yule yule uliyemponyesha kikohozi msimu mzima mpaka akarudia kuimba besi. Akasimama mlangoni.

"Wilondja, fungua. Vitu vya giza vinakwenda motoni leo."

"Giza gani, Mzee? Chupa ni nyeusi sababu ya soksi yangu."

"Iko karuho mule!"

"Basi wewe ulikunywa karuho miezi mitatu ukanenepa. Tupatie na sisi siri!"

Watu wakacheka, wengine wakaficha uso. Yeye hakucheka. Alisema tangu mwanzo alijua mwanamke anayenunua lutuku na kukaribisha watu wa milimani hawezi kuwa anafanya kazi safi. Nikaleta kigoda chako, nikakaa katikati ya mlango, mchi wa kinu juu ya magoti.

"Kabati hili lina mwenyewe," nikamwambia. "Mukitaka kulichoma, munichome mimi kwanza. Lakini nawaonya, nimekula mihogo mibichi tangu asubuhi, sitawaka vizuri."

Nilikaa pale mpaka shefu wa mtaa alipotuma neno: kesho wote uani kwake, na kabati lije. Mzee Mmunga akaondoka na mafuta yake. Aliyaacha karibu na mlango wa shefu, watu wayaone wakipita.

Kesho yake wanaume wanne walibeba kabati. Niliwatangulia nikipiga kelele wasilitikise, maana kutikisa ni kazi yangu. Ua ulijaa mpaka kwenye uzio, kwaya nzima ilikuwepo. Sifa alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akasimama nyuma, hakunisalimu. Hilo liliniuma kuliko mafuta. Ni binti yako, nimembeba mgongoni wakati wa kukimbia vita.

Shefu alikuwa bado anafungua kaye yake, daftari la kesi, aandike, ndipo moto ikasimama nje. Akateremka mtu amekonda kidogo, anakula ndizi. Watu waliokuwa karibu na lango walirudi nyuma mpaka wakakanyagana.

"Weye njo marehemu?" shefu akauliza.

"Miye njo Asukulu, shefu. Marehemu iko wapi?"

Alieleza mwenyewe. Njia ya Lubondja ni ndefu, chupa inanukia lutuku, tumbo linauma, basi alikunywa kidogo. Akaona haitoshi. Akamaliza. "Nilitapika paka nikaona nyota muchana," alisema. "Nikalala siku mbili. Muforomo wa kule akanipatia maji ya chumvi na sukari. Lakini tumbo," akajigusa, "tumbo ilinyamaza."

Kicheko kikapanda. Na mimi nikapanda nacho. Nikasimama, nikanyoosha kidole:

"Munaona? Kosa ni la mulevi huyu! Dada yangu..."

"Mjomba."

Ilikuwa sauti ya Sifa. Alipita katikati ya watu mpaka mbele. Alizungumza taratibu, kama anavyozungumza na mgonjwa.

"Ulimuambia matone ngapi?"

Yaya, uongo ulikuja umeshavaa viatu. Ishirini. Neno moja tu. Asukulu alikuwa hakumbuki hata siku gani alifika, angekubali, na mimi ningerudi nyumbani nimebebwa juu. Mdomo uliufungua mlango kabisa. Lakini nilitazama kabati, nikaona kijiko chako kimening'inia kwenye msumari wake pembeni, kinatikisika bado kutokana na safari. Ningesema ishirini siku ile, basi kesho hakuna mtu ambaye angejali kuhesabu. Wangejua tu kwamba chupa ya Riziki ni salama, wangekunywa kama Asukulu. Na siku moja angekufa mtu kweli, mwenye jina, na hapo Mzee Mmunga angekuwa na haki.

"Sikumuambia," nikasema.

"Ulionja mbele yake?"

"Sikuonja."

"Ulikuwa unafanya nini, Mjomba?"

"Nilikuwa ninamueleza habari ya lori."

Yaya, hujawahi kusikia ua ukicheka vile. Hata shefu aliweka biki chini. Sifa peke yake hakucheka. Aliwageukia wao sasa, na nikamwona ni wewe kabisa, hata mkono kiunoni.

"Basi kosa haiko ndani ya chupa," akasema. "Hata kinini, hata chumvi ya jikoni yenu, mukimeza yote mara moja mutaanguka. Mama yangu hakumuachaka muntu atoke bila kuhesabu. Wangapi hapa walihesabu naye?"

Mkono mmoja ukapanda kwenye kwaya. Mwingine. Mama Esteri, aliyeteremka milimani bila kuitwa, alikuwa ameshapandisha wa kwake tangu mwanzo. Mikono ikawa mingi hata sikuweza kuihesabu, na mimi huwa nahesabu zaidi ya ilivyo. Mzee Mmunga aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Alipoupandisha, aliupandisha nusu.

Lakini hakuwa ameshindwa. "Basi akunywe yeye!" akasema. "Hapa. Chupa iliyochujwa siku moja na ya huyu. Kipimo chenyewe, glasi yote, hapana kijiko!"

"Nitakunywa," nikasema, kwa sauti kubwa sana.

Sifa akatia maji nusu glasi. Akashika chupa, akainamisha. Moja, akasema. Mbili, ua ukaitikia. Kufika kumi walikuwa wanapiga makofi. Kufika ishirini ilikuwa kama ibada. Akanipa glasi. Nikatafuta kitambaa changu, mtu wa heshima hanywi bila kitambaa. Sifa alikuwa ameshakichukua, anajipepea nacho, ananitazama usoni.

"Kunywa, Mjomba," akasema polepole. "Tuone."

Nikanywa yote. Nikasimama wima mbele ya Baraka nzima na machozi yakinitiririka mpaka kwenye ndevu. Mama mmoja wa kwaya akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wengine wakamfuata, wimbo wako ule wa sauti ya kwanza. Hata shefu aliinama. Mzee Mmunga alichukua mafuta yake, akampa dereva wa Asukulu, na moto ilirudi Lubondja kwa mafuta yale yale yaliyoletwa kukuchoma.

Kabati lilirudi siku ileile. Shefu alitaka kila chupa iwe na karatasi, na Sifa akanikalisha chini tuandike: jina la jani, siku ilipotiwa, siku ilipochujwa, matone mangapi, nani asiinywe. Herufi zangu zinalala kama zimelewa, lakini ile ishirini nimeichora kubwa kama mayai mawili ya bata. Asiyejua kusoma, nahesabu naye. Anayejua kusoma, nahesabu naye vilevile. Dereva akipiga honi, apige mpaka betri iishe. Habari ya lori sasa naieleza baada ya dawa, na wengi wanabaki kuisikiliza, wamekaa.

Na wanaosoma hapa mlangoni wasikie nikikuambia wewe: sikubali. Sikubali kwamba jani lililoota kwenye uzio wetu ni la giza na kidonge cha kwenye karatasi ya kung'aa ni cha nuru. Sifa ana kidonge, mimi nina jani, na mutoto akichemka mwili tunakimbia kwa Sifa wote wawili. Sikubali pia kwamba mwanamke aliyemeza kijiko cha kwanza maisha yake yote, mbele ya adui na rafiki, aitwe mtilia watu sumu. Mwenye mafuta ya kuchoma aje. Kigoda kipo mlangoni. Mchi upo.

Lala vizuri, Yaya. Mubirizi wa kwenye uzio umechipua baada ya mvua. Ukuta una alama tisa mpya za mkaa, zimebaki tano, nitakapochuja nitatumia kitambaa cha pamba kilichochemshwa, si singileti yangu. Ile mara moja ulinisamehe.

Neno hili la mwisho nimeliandika dogo, hapa pembeni chini, mahali nitakapopigia msumari, ili wapita njia wasilione. Wanasema nililia kwa ajili yako. Kwaya wanasimulia mpaka Nundu. Yaya, siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kumeza dawa yako. Kijiko, miaka yote hii, nilikuwa nakimalizia kwenye kitambaa, Sifa alijua. Na kikombe cha utotoni kilinywewa na ule mgomba. Kwa hiyo machozi yale, walau yale ya kwanza, yalikuwa ya mubirizi tu.

Mdogo wako, mwenye mdomo mrefu,
mjomba wa Sifa